Picha Zikitundikwa Kando ya Barabara ya Sachangwan

Ukitaka kujua kama maonyesho ya picha ya barabarani yameandaliwa na mtu anayeijua kazi, usianze na picha. Simama kando utazame wapita njia: nani anapunguza mwendo, nani anasogea hadi pua ikaribie kugusa karatasi, nani anarudi na mwenzake. Ukumbini, mtazamaji amekuja kwa hiari yake. Barabarani, picha inamkuta mtu ana gunia begani na makanga wa matatu anamwita. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko tuzo yoyote.

Kenya ina mfano wake mkubwa. Mwaka 2009 Boniface Mwangi, aliyekuwa amepiga picha za vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, alianzisha Picha Mtaani. Vurugu hizo ziliua zaidi ya watu 1,100, na picha zake zilikuwa zimekwishatoka magazetini. Yeye akazitoa nje, kwenye mitaa ya Nairobi, kisha akazizungusha miji mingine. Tangu hapo swali la ubora likabadilika, kwa sababu mtaani anayetazama picha ya nyumba inayoungua huenda ndiye aliyechomewa, na aliyesimama karibu naye huenda ndiye aliyewasha.

Kwa hiyo mimi hupima mpangilio wowote kwa kujiuliza ungekaaje Sachangwan. Upande huu wa Molo na Kuresoi ulipigwa na mapigano ya 1992, ya 1997, na yale ya 2008. Kisha tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo Sachangwan, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki. Atakayetundika picha za siku ile mahali pale anawatundikia mama na ndugu wa marehemu.

Tazama basi amechagua nini. Mwili ulioungua humsimamisha mtu, lakini humsimamisha kwa mshtuko, na aliyeshtuka hatazami; anageuza uso au anatoa simu arekodi. Mpangaji hodari huweka mbele picha zinazotazamika kwa muda mrefu: mikono iliyobeba jeneza, nyuso za waliosubiri majibu hospitalini. Zile nzito, kama ni lazima ziwepo, huziweka nyuma ya pazia au ndani ya hema, na onyo mlangoni, ili anayeingia awe ameamua kuingia. Uliza pia kama familia zilifuatwa kabla ya tangazo kubandikwa. Jibu likiwa la kusitasita, umeshajua thamani ya maonyesho hayo hata kama kila picha ni nzuri.

Baada ya hapo sogea karibu utazame uchapaji. Hapa nitakawia, maana ndipo kazi nyingi za kwetu zinapoharibikia. Tafuta uso mweusi ulio kivulini, chini ya kofia au mwavuli. Je, unauona mfupa wa shavu? Unaliona jasho juu ya mdomo? Chapa mbovu huugeuza uso huo doa moja lisilo na umbo. Iliyo mbovu zaidi huusafisha kwa kompyuta mpaka ngozi ikawa ya kijivu kama iliyopakwa majivu. Chapa bora huacha weusi uwe mweusi kweli, na ndani yake bado mna ngazi za mwanga. Anayetaka kuzoeza jicho lake kwa jambo hili, akifika Zanzibar aingie Capital Art Studio, Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Azitazame picha zile za nyeusi na nyeupe polepole, hasa kanzu nyeupe zilizo karibu na nyuso nyeusi, na aone jinsi vyote viwili vilivyohifadhiwa.

Karatasi inayong'aa haifai nje. Jua letu la karibu na ikweta, saa sita mchana, huifanya kioo na mtazamaji akajiona mwenyewe. Isiyong'aa ndiyo ya barabarani. Bango la plastiki hustahimili ukungu na manyunyu ya Molo, ila lisipovutwa kamba pande zote hupigwa na upepo na nyuso zikakunjamana. Karatasi iliyogandishwa kwenye ubao huwa nzuri zaidi machoni, lakini pindo zikilowa huvimba. Kuhusu ukubwa, picha ya A0 iliyochapwa kwa nukta 150 kwa inchi huhitaji karibu pikseli milioni 35. Inayotazamwa kwa mbali hutosheka na chini ya nusu yake. Ukiona chembe za miraba kwenye macho ya mtu, jua picha imetolewa kwenye WhatsApp, ambayo huzibana faili. Hiyo haisameheki, kwani mpiga picha alikuwa nayo faili kamili.

Kwenye majumba ya makumbusho kitovu cha picha huwekwa sentimita 145 hadi 150 kutoka chini. Barabarani, watoto wa shule na mama anayeuza viazi akiwa amekaa wanahitaji baadhi zishuke.

Maelezo ya picha yawe kwa Kiswahili, yasomeke bila kuinama, na yaseme nani, wapi, lini, na aliyepiga ni nani. "Waathiriwa wa moto" ni maneno ya uvivu. Mtu aliyeridhia picha yake itundikwe ana haki ya kuitwa kwa jina lake, na asiyeridhia hafai kuwa pale.

Mwisho, ulizia chapa zitakwenda wapi maonyesho yakifungwa. Nyingi huviringishwa na kurudi Nairobi stoo. Mwandalizi anayestahili sifa huwa ameshachapa nakala ndogo, inchi nne kwa sita, moja kwa kila aliyemo pichani au kwa jamaa yake, na nyuma yake ameandika tarehe na mahali kwa kalamu isiyofutika.