Fundi wa Gatsata na geji ya Land Rover

Gatsata, kaskazini mwa Kigali, ni mtaa wa gereji. Land Rover Series III, modeli iliyoanza kutengenezwa 1971, imefunguliwa boneti. Mwenyewe analalamika kwamba gari likitembea kidogo tu, mshale wa geji ya joto unaingia kwenye nyekundu. Anataka abadilishiwe sensa.

"Tupime kwanza, mzee," fundi anamjibu.

Anaanza na injini yenyewe. Rejeta imejaa, maji hayachemki, na mpira wa juu una joto la kawaida. Injini ni nzima. Kinachodanganya ni kipimo.

Anachomoa waya wa sensa karibu na themostati. Mshale unashuka. Anaugusisha waya kwenye chuma cha injini mara moja. Mshale unapanda, tena polepole, kwa kuwa ndani ya geji hii mna kipande cha metali mbili kinachojipinda kadiri umeme unavyokipasha moto. Fundi anausubiri. Waya hauna kasoro.

Anafungua sensa kwa spana na kuichovya ncha kwenye sufuria ya maji iliyo motoni, kipimajoto kikiwa kando yake. Maji yakipata moto, mita ya umeme inaonyesha ukinzani ukishuka taratibu, bila kurukaruka. Maji ya Kigali, kwa mwinuko wake, hutokota yakiwa karibu nyuzi 95, kwa hiyo macho yake yako kwenye kipimajoto, si kwenye mapovu.

Sensa nayo ni nzima. Anairudisha bila kuizungushia utepe, maana ethi yake hupita kwenye hesi.

"Mafuta uliweka kiasi gani?"

"Hata nusu tangi hayafiki, fundi."

Geji ya mafuta inaonyesha karibu tangi zima. Basi zote mbili zinazidisha, na zote mbili hulishwa na kidhibiti kimoja cha volti, ambacho hukata na kuunga umeme ili zipate wastani wa volti 10. Anafungua dashibodi na kugusisha taa ya kupimia. Inawaka mfululizo, ilhali ilipaswa kupepesa. Skrubu inayokipa kidhibiti ethi imelegea na kushika uchafu. Anaisugua kwa msasa hadi ing'ae, anaikaza. Taa inaanza kupepesa.

Wanapandisha gari barabara ya Gatuna. Mshale unatulia katikati. Mzee analipia kazi tu, bila kipuri hata kimoja. Siku mshale ukiingia tena kwenye nyekundu, atasimamisha gari bila kubishana nao.