Kishikwambi na Andalio la Somo

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za mashindano ya XPRIZE yaliyofanywa katika mkoa wa Tanga. Kwa miezi 15 watoto karibu 3,000 wa vijiji kama 170, wengi wao hawajapata kwenda shule, walipewa kila mtu kishikwambi chenye masomo ya Kiswahili. Hapo kwanza, katika kila watoto 100, zaidi ya 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishowe hesabu hiyo ikapungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana tuzo ya dola 10,000,000 za Marekani.

Kazi hiyo yastahili sifa. Mtoto huenda kwa mwendo wake, na akikosa hurudia pasipo kuchekwa. Lakini wako wasemao ya kuwa sasa yatosha kuwasha chombo, mwalimu akakaa kitako. Neno hilo silikubali, kwa sababu tatu.

Kwanza, kule Tanga kila mtoto alikuwa na chake. Baada ya sensa ya mwaka 2022 Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vya kazi ile. Basi mwalimu anacho kimoja mbele ya darasa zima. Akishika mmoja, wengine hutazama tu, na mnyonge aketiye nyuma haoni kitu.

Pili, kugusa herufi si kuitamka. Kinyakyusa kwa asili hakina sauti ya r. Mtoto wetu wa Mbugani aweza kuichagua r kwa kidole, kisha akaisoma "kura" kama "kula". Chombo kilichoona kidole tu chamsifu. Sikio la mwalimu ndilo limsahihishalo.

Tatu, kuchora herufi juu ya kioo hakumzoezi mtoto kushika kalamu.

Kwa hiyo andalio la somo lianze na lengo, si na chombo. Ikiwa lengo ni sauti ya r, mwalimu alijaribu zoezi lenyewe jana yake, na kukijaza kishikwambi umeme. Kisha aligawe darasa: kundi moja litumie chombo, la pili liandike daftarini, la tatu limsomee yeye, halafu wabadilishane. Mwishoni awasikilize wanyonge kwanza, wakisoma kwa sauti.

Mkulima wa mpunga hapa Kyela hupima kazi yake kwa mavuno, hapimi kwa upya wa jembe. Walimu wenzangu, na tupime vivyo hivyo.