Mhujumu au Mwenye Akiba? Uhakiki wa Neno la Mwaka 1983

Katika insha hii sihakiki tamthilia wala riwaya. Ninahakiki neno moja, *mhujumu*, kwa sababu kuna watu waliofungwa kwa neno hilo, nasi wanafunzi wa Kiswahili tunalitumia bila kuuliza limebeba nini.

Neno hili nililisikia kwanza kwa bibi yangu, hapa Kabonga. Mwaka 1972 alikimbilia Tanzania, na mwaka 1983 alikuwa bado anaishi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kigoma. Anasimulia kwamba usiku mmoja alichimba shimo chini ya migomba, akafukia miche saba ya sabuni. Alikuwa ameinunua mmoja mmoja, kila ilipopatikana, kwa ajili ya nguo za watoto. Mvua ikanyesha siku mbili. Alipofukua alikuta uji uliochanganyika na udongo. "Sikuwa nimeiba," husema, "lakini niliogopa kuitwa mhujumu."

Hofu yake ilikuwa na sababu. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Rais Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, na maduka bado hayakuwa na sukari, sabuni wala mafuta ya kupikia. Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria ya kuupa msako huo nguvu ilipitishwa baada ya msako kuanza, ikahesabiwa kuwa imeanza kazi siku za nyuma. Washitakiwa walipelekwa mbele ya baraza maalumu, bila dhamana, bila wakili, na bila haki ya kukata rufaa mahakamani. Mwaka uliofuata sheria nyingine ilichukua nafasi yake, kesi zikarudi Mahakama Kuu, na mawakili wakaruhusiwa tena.

Tuyatazame sasa maneno yenyewe. *Mlanguzi* ni neno la sokoni. Kulangua ni kununua bidhaa na kuiuza kwa bei ya kuumiza. Ili pawe na ulanguzi, lazima pawe na mnunuzi aliyeumizwa. Kwa hiyo neno lenyewe linadai ushahidi: nani aliuziwa, kwa bei gani? *Mhujumu* ni neno la vita. Hujuma ni shambulio, na anayeshambulia ni adui. Adui haulizwi nia yake, wala hapewi dhamana. Naona kwamba neno lilikuwa limekwisha kutoa hukumu kabla ya baraza kukaa.

Tanzania haikuwa ya kwanza kuingiza vita dukani. Nchini Uganda, Idi Amin alitangaza vita vya uchumi mwaka 1972, na mwaka 1975 akatoa amri iliyounda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, ambamo aliyeficha bidhaa au kuzidisha bei angeweza kuhukumiwa kifo. Simlinganishi Sokoine na Amin. Adhabu hazikulingana, na hadi leo wengi wanamkumbuka Sokoine kwa heshima, kama kiongozi aliyewagusa wakubwa waliodhani hawagusiki. Ninachosema ni kwamba lugha ya vita, popote inapoingia katika biashara, hupunguza maswali.

Mwenzangu mmoja alinipinga darasani: bila ukali, wenye maghala wangeponaje kuendelea kufunga milango huku watoto wakinywa uji bila sukari? Swali lake ni la haki. Wenye maghala walikuwepo. Lakini Kiswahili kimetupa maneno mawili kwa ajili ya jambo hili. *Kuhodhi* ni kuzuia mali ya wengi ili bei ipande. *Kuweka akiba* ni kujihadhari na kesho, na tunawafundisha watoto kwamba akiba haiozi. Tendo linaloonekana ni lilelile: kitu kimefichwa. Kinachotenganisha ni kiasi, bei na nia. Kiasi huhesabika na bei huulizika, lakini nia haijulikani mpaka mwenyewe asikilizwe vizuri, na asiposikilizwa hapa apate pa kwenda. Sheria ya 1983 iliufunga mlango huo wa pili.

Sisi wa Kabonga tulipaswa kulijua hili mapema. Majirani walipoiwekea Burundi vikwazo vya biashara baada ya mapinduzi ya Julai 1996, hadi vilipositishwa Januari 1999, bidhaa zilizovuka ziwa kwa mtumbwi ziliitwa magendo. Jikoni ziliitwa chumvi na sukari.

Siku hizi sukari na petroli vimeadimika tena, na nasikia vijana wenzangu wakimwita mhujumu kila mwenye dumu nyuma ya mlango. Nawaomba warudi kwenye neno la sokoni na waulize: amemlangua nani? Jibu likipatikana, ashitakiwe. Lisipopatikana, huenda ni mtu mwenye safari au mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Bibi bado hununua sabuni kila anapoiona. Huiweka juu ya kabati, mbele ya macho ya kila mgeni, na haizidi miche miwili.