Aliyekufa anaweza kufufuka, aliyefiwa je?

Kitenzi ‘kufa’ kina mzizi mdogo mno, lakini vizalia vyake ni vizito. Kikiingia katika kauli ya kutendea tunapata ‘kufia’: alifia vitani, alifia ugenini. Kikiingia katika kauli ya kutendewa tunapata ‘kufiwa’: fulani amefiwa na mumewe. Mtajwa katika sentensi hii ya mwisho si yule aliyekata roho bali ni yule aliyebaki. Kwa neno moja tu, Kiswahili kinakiri kwamba kifo humpata hata aliye hai.

Sasa hebu tuitazame kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Anika, anua. Hata matanga yenyewe huanuliwa siku zake zikitimia. Kwa aliyekufa, lugha imetupatia ‘kufufuka’, ingawa ni wachache mno wanaobahatika kukitumia kitenzi hicho. Lakini ni kipi kitenzi kinachotendua kufiwa? Hakipo. Mwanamke akishafiwa anaweza kutoka eda, anaweza kuanua matanga, anaweza kuolewa tena. Hawezi kurudishwa alikokuwa kabla ya kuletewa habari ya msiba, hata ikibainika baadaye kwamba habari yenyewe ilikuwa ya uongo.

Nimeanzia kwenye sarufi kwa sababu pengo hilo linatusaidia kusoma vizuri zaidi kisa kimoja ambacho fasihi ya dunia hukirudiarudia: askari anadhaniwa kuwa amekufa vitani, miaka inapita, kisha anabisha hodi na kumkuta mkewe ana mume mwingine. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi kuhusu visa vya aina hii. Aghalabu jibu huwa lile lile: maudhui ni usaliti, na msaliti ni mke. Miongozo ya fasihi inayouzwa mitaani nayo hukoleza jibu hilo. Mimi naona usomaji huo una kasoro. Unachukulia kwamba maadamu kifo kilikuwa cha uongo, basi na kufiwa kulikuwa kwa uongo. La hasha!

Kipimo tunachokitumia kumhukumu mke huyu kimetoka mbali. Kimetoka katika utenzi wa Odisea wa Homer. Odysseus anaondoka kwenda vita vya Troya na kukaa nje miaka 20. Mkewe, Penelope, anazingirwa na wachumba wanaokula mali ya nyumba. Anawaambia wasubiri amalize kufuma sanda ya baba mkwe wake, kisha kwa miaka mitatu anafuma mchana na kufumua usiku. Tangu hapo Penelope amekuwa kielelezo cha mke mwema, na kila mke wa askari hupimwa kwa kimo chake.

Lakini tutambue jambo moja. Penelope hakuwahi kuletewa habari ya hakika kwamba mumewe amefariki. Uvumi ulikuwepo, wasafiri walipita na maneno yao, lakini uhakika haukuwepo. Alikuwa mke anayesubiri. Hakuwa mjane. Kumpima mjane kwa kipimo cha mke anayesubiri ni kama kumlaumu aliyetoka eda kwa nini hakukaa eda milele.

Riwaya iliyolichambua suala hili kwa ukali zaidi ni Le Colonel Chabert ya Mfaransa Honoré de Balzac, ambayo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1832 kwa jina tofauti. Kanali Chabert anaumia vibaya kichwani katika mapigano ya Eylau, mwezi Februari 1807, akiwa na askari wapanda farasi wa Napoleon. Anazikwa kaburi moja na maiti wengine. Anazinduka gizani, anajichimbua, anaokolewa na watu wasiomjua, kisha anatangatanga Ulaya kwa miaka kabla ya kufika Paris akiwa maskini hohehahe. Kufikia wakati huo kifo chake kimekwisha kuandikwa katika kumbukumbu za serikali na hata katika vitabu vya historia ya vita. Mkewe amerithi mali, ameolewa na mheshimiwa mmoja aitwaye Ferraud, na wamejaliwa watoto wawili.

Balzac anaanzia hadithi yake katika ofisi ya wakili, na hilo halikuja kibahati. Makarani vijana wanamcheka mzee mwenye koti kuukuu. Akiulizwa ni Chabert yupi, anajitambulisha kuwa ni yule aliyefia Eylau. Dhihaka inageuka kuwa swali zito: je, mtu aliye hai anaweza kushinda karatasi inayosema amekufa? Wakili Derville anamwamini, lakini anamshauri wasuluhishe, kwa sababu kesi ingekuwa ndefu na ya gharama kubwa. Mwishoni Chabert anachukizwa na hila za mkewe, anaachana na madai yote, analikana hata jina lake, na kuishia katika makao ya wazee ya Bicêtre akijitambulisha kwa jina lake la kwanza na namba: 164, chumba cha saba.

Sehemu inayohusu karatasi na jina sijaona mwandishi aliyeishinda. Hata hivyo, nina shaka na namna Balzac alivyomchora mke. Amemfanya kuwa mlafi, mwongo, mtu aliyepokea barua za mumewe na kunyamaza. Anapanga hata kumfanya Chabert atie saini karatasi ya kujikana. Kwa kumpaka matope hivyo, mwandishi amejirahisishia kazi. Msomaji hapati taabu ya kuamua. Anamhurumia kanali, anamlaani mke, anafunga kitabu. Swali gumu linaachwa bila kuguswa: je, kama mke huyo angekuwa mwema? Kama angelia machozi ya kweli, akaomboleza, kisha akaanza maisha upya kwa moyo safi, tungemhukumu vipi? Balzac anatuonjesha kidogo tu hofu yake kwamba mume wa pili, mwenye tamaa ya cheo, anaweza kumtema wakati wowote. Angepanua hofu hiyo, riwaya ingekuwa nzito maradufu.

Swali hilo lililoachwa Paris lilikuja kuulizwa huku kwetu, na hayati Ngũgĩ wa Thiong’o. Katika hadithi fupi ‘The Return’, iliyomo katika mkusanyiko wa Secret Lives wa mwaka wa 1975, Kamau anarudi kijijini baada ya miaka kadhaa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Yeye si askari wa mfalme wala wa Napoleon, lakini ni mtu aliyemezwa na vita, na habari zilizofika nyumbani zilisema amekufa. Kijiji cha zamani hakipo. Watu wanampokea kwa ubaridi. Mkewe, Muthoni, ameondoka na Karanja, wa rika lake mwenyewe. Na aliyeileta habari ya kifo ni nani? Ni huyo huyo Karanja.

Nawasihi wasomaji warejelee maneno ya mama yake Kamau katika hadithi hiyo. Ndiye anayemsimulia mwanawe yaliyotokea. Anasema kwamba Muthoni alikuwa binti mwema kwao, kwamba alivumilia, kwamba alipoambiwa mumewe amekufa aliamini na kuomboleza mwezi mzima. Halafu anataja jambo ambalo wanafunzi wengi huliruka: ardhi. Baada ya mashamba kugawanywa upya, familia haikuwa na pa kulima wala chakula cha kumlisha mkaza mwana na mtoto wake. Ndiposa wakamwacha aende. Kwa hivyo, kuondoka kwa Muthoni si suala la mapenzi peke yake. Ni suala la sera ya kikoloni iliyoingia hadi jikoni.

Kamau mwenyewe kwanza anafoka. Anawalaumu wote. Lakini Ngũgĩ hamwachi hapo. Kando ya mto Honia, mzigo mdogo aliorudi nao kutoka kizuizini unaserereka na kuchukuliwa na maji, na badala ya kuhuzunika anahisi nafuu. Anaanza kujiuliza kwa nini Muthoni, na mabadiliko yote, yangemngoja yeye. Balzac hakumpa Chabert nafasi ya kujiuliza hivyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kurasa chache za Ngũgĩ zinapoishinda riwaya nzima ya Balzac. Anayerudi anatambua kwamba wakati haukusimama ati kwa sababu yeye hayupo. Wahenga walikwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo haimtetei asiyekuwapo wala haimlaumu aliyebaki. Inatoa taarifa tu.

Pamoja na uzuri huo, ‘The Return’ ina upungufu wake: Muthoni haonekani hata mara moja. Anasimuliwa na mama mkwe, anafikiriwa na mume, lakini hatumsikii. Msomaji anayetaka kumwita msaliti haoni wa kumjibu.

Ngũgĩ alilirudia suala hilo katika riwaya ya A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka wa 1967, na safari hii akamrudishia mwanamke sauti yake. Gikonyo anarejea baada ya miaka sita kizuizini na kumkuta mkewe, Mumbi, ana mtoto wa Karanja. Jina Karanja limebaki, ila Ngũgĩ amegeuza jambo moja muhimu. Katika hadithi fupi, Karanja alileta habari ya kifo. Katika riwaya, Karanja, ambaye sasa ana mamlaka ya kikoloni, ndiye anayemwambia Mumbi kwamba mumewe yu njiani kurudi, na anguko la Mumbi linatokea katika dakika ile ile ya furaha iliyomchanganya akili. Kwa kugeuza hivyo, Ngũgĩ amekataa utetezi rahisi. Mumbi hawezi kusema kwamba alifiwa. Hata hivyo, ndiye anayepewa nafasi ndefu ya kueleza, kwa kinywa chake mwenyewe, njaa, kazi za kulazimishwa, upweke na kilichofuata. Anamweleza Mugo, si mumewe, kwa sababu mumewe alikataa kusikiliza. Adhabu ya Gikonyo kwake ni kimya.

Na mwishoni, Gikonyo akiwa amelazwa hospitalini na yuko tayari kupatana, Mumbi hamkimbilii. Anamfahamisha kwamba yaliyowafika hayawezi kumalizwa kwa kauli moja, na kwamba lazima waketi wayazungumze, likiwemo suala la mtoto. Mwanamume aliyeondoka akarudi anatamani kitenzi cha kutendua. Mwanamke anamwambia hakuna. Kilichopo ni kuanza upya, na Gikonyo anaelewa: katika kigoda anachopanga kuchonga, mwanamke atakuwa mjamzito.

Mbona nikapoteza wino kwa visa vya Eylau na Honia? Kwa sababu Kenya ina familia nyingi zinazoishi katikati ya kufiwa na kusubiri. Jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Maelfu yao hawakurudi, na ujira wa wengi haukuwahi kuzifikia jamaa zao. Hadi leo kuna wanaokwenda vitani, kazini ng’ambo au tu mjini, na simu ikazimika isiwake tena. Sheria yetu inalitambua tatizo hilo. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na ushahidi gani unaishinda dhana hiyo kuliko mtu mwenyewe kusimama mlangoni?

Lakini sheria huweza kupinga dhana ya kifo tu. Miaka 7 ya kulea watoto peke yake, ya kuulizwa na majirani, ya kulala na kuamka bila jibu, hiyo haifutwi na mahakama yoyote. Mwanamke aliyeyapitia hayo kisha akaitwa msaliti amefiwa mara ya pili, na safari hii kilichomfia ni heshima yake.

Walimu wenzangu wanaofundisha fasihi wanaweza kulirekebisha hili darasani bila kungoja mtaala mpya. Kabla ya mwanafunzi kuandika neno ‘usaliti’, aulizwe maswali matatu. Nani aliileta habari ya kifo, na alinufaika vipi? Mke aliishi kwa nini, kwa shamba lipi na kwa chakula kipi, baada ya habari hiyo? Na katika hadithi nzima, ni ukurasa upi ambao mke mwenyewe amezungumza? Akikosa jibu la swali la tatu, basi aandike hivyo: kwamba ushahidi wa upande mmoja haukusikizwa, na hukumu isubiri.