Njiwa za Bwana Skinner

Kitabu kinene cha Mabwana Ferster na Skinner juu ya kanuni za malipo, kilichopigwa chapa Marekani mwaka 1957, wanaokitaja ni wengi. Waliokisoma ni wachache. Tulipokifungua tulikuta michoro zaidi ya 900, nayo karibu yote ni ya njiwa.

Jambo lenyewe ni hili. Njiwa mwenye njaa anadonoa kibao ukutani apate nafaka. Akilipwa kila baada ya midono 50, anadonoa mbio, anakula, kisha anapumzika. Hesabu ikigeukageuka asiweze kuijua, karibu hapumziki. Na nafaka ikikatwa kabisa, aliyezoea kulipwa kila mara anaacha upesi. Aliyelipwa mara mojamoja anaendelea hata midono maelfu. (Humphreys alikwisha kuonyesha jambo hilo kwa watu mwaka 1939, kwa kuangalia kope za macho.)

Tunasifu uaminifu wa waandikaji: kila mchoro ni wa mnyama mmoja, si wastani wa wengi. Lakini wanaonyesha tu, hawataki kuuliza kwa nini. Waliouliza ni wengine. Amsel alisema kwamba mnyama amezoea kufanya kazi katika uchungu wa kukosa. Capaldi alisema kwamba anakumbuka jinsi kukosa kulivyofuatwa na kupata. Sisi tunaona neno la Capaldi lina nguvu zaidi, kwani linaeleza kwa nini mfuatano wa kukosa na kupata, wala si hesabu peke yake, unageuza mambo.

Tena, mtu si njiwa. Mwaka 1983 Lowe na wenzake walionyesha kwamba watoto wachanga wasiojua kusema wanafuata mchoro wa wanyama, lakini watu wazima mara nyingi hawaufuati: wanahesabu, wanajiambia sheria moyoni. Anayechukua michoro hii na kuitia katika darasa kama ilivyo anaruka shimo kubwa.

Hata hivyo katekista atapata faida. Anayegawa picha takatifu kwa kila jibu, siku picha zinapokwisha atashangaa mikono kushuka. Afadhali aanze kwa kugawa mara nyingi, kisha apunguze kidogo kidogo. Na mama anayekataa mara nne na kukubali ya tano hamfundishi mtoto kunyamaza.

Mwenye nafasi haba asome sura za kanuni nyepesi tu; zile za kanuni zilizochanganywa ni za mafundi.