Kiwanja cha Maktaba Juu ya Kobalti

Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Katika ujenzi ule wote, ninachokipenda zaidi ni kiwanja. Wakoloni walikuwa wameugawa mji kwa rangi: Wazungu karibu na bahari, Wahindi kwenye maduka ya katikati, Waafrika Kariakoo, na kati ya Kariakoo na Uhindini uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ulioachwa makusudi ili watu wasikaribiane. Maktaba ikajengwa kando ya barabara inayoitwa leo Bibi Titi Mohamed, ileile inayopita ubavuni mwa Mnazi Mmoja. Mwanafunzi wa Kariakoo anafika kwa miguu, na karani anayetoka kazini Posta naye anafika kwa miguu. Jengo limekaa pale mji ulipokuwa umekatwa, na njia za watu wa pande zote zinalipitia.

Nairobi walitangulia, na kwa jicho la mpima ardhi kiwanja chao hakina kasoro. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931 katika Mtaa wa Banda, ikipakana na Msikiti wa Jamia, hatua chache kutoka soko la jiji. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Baraza la Jiji liliichukua 1962, na matawi yake yako Kaloleni na Makadara, upande wa mashariki walikokaa wafanyakazi. Kwa hiyo katikati ya mji hupimwa kwa mtu anayeruhusiwa kuvuka kizingiti na nauli inayomfikisha hapo. Ramani peke yake haitoshi.

Sasa tuje kwetu. Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, nchini Kongo (DRC), tangu 2015, na mji wa hadhi hiyo unastahili maktaba kuu ya umma, tena mjini kati. Ila hapa vipimo vya Dar es Salaam na Nairobi vinakuja nafasi ya pili. Swali la kwanza liko chini ya ardhi.

Kampuni ya Union Minière ilianzisha mji huu 1937 kwa sababu ya shaba, na nyumba zikapangwa kandokando ya mashimo. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba uani na hata ndani ya vyumba. 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wakazi wake wakahamishwa. Kwenye Cité Gécamines, upanuzi wa mgodi wa COMMUS umeingia kati ya makazi, na Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapahapa, IBGDH, walitoa ripoti juu ya familia zilizoondolewa. Hiyo ni mitaa iliyopangwa, yenye barabara na shule.

Sheria ndiyo inayoufungulia uchimbaji mlango wa kuingia mitaani. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia juu, na madini ya chini yana haki yake mbali. Hati ya kiwanja haizuii kibali cha uchimbaji kutolewa juu ya ardhi ileile. Kwa sheria ya madini ilivyorekebishwa 2018, kibali hicho ni cha miaka 25 na kinaweza kuongezwa. Maktaba hujengwa kwa ajili ya wajukuu. Wafalme wa Lunda waliweza kuhamisha mji mkuu wao, Musumba, kila Mwant Yav (mfalme) mpya aliposhika utawala, maana mji ule ulikuwa wa miti na nyasi. Rafu za vitabu elfu kumi kwenye jengo la zege hazihamishiki hivyo.

Basi kazi ianzie kwenye kadasta ya madini: eneo gani la mjini halimo ndani ya kibali chochote, na wanajiolojia wanasema kuna nini chini yake. Baada ya hapo uje umbali na shimo linalolipuliwa kwa baruti, maana mtikisiko hupasua kuta na vumbi jekundu la kiangazi huharibu karatasi na kompyuta. Viwanja vikishapita hapo, vitabaki vichache. Hivyo ndivyo vya kupimwa kwa miguu ya mtoto wa komini ya Manika anayetoka shule saa saba mchana bila nauli ya pikipiki. Ningekubali jengo dogo na la kawaida karibu na soko kuliko jumba la vioo pembezoni, ambako ardhi ni rahisi na watu ni wachache.

Fedha zipo. Sheria hiyohiyo ya madini inatenga asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa mji, komini, sekta au utawala wa kichifu ambamo mgodi unafanya kazi, na inaitaka kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Ninawaomba Gavana, Meya na wabunge wa jimbo: kabla ya kuweka jiwe la msingi, tubandikieni kwenye ukuta wa komini ramani ya vibali, na juu yake mchore kiwanja cha maktaba, kila mkazi aone mwenyewe.