Machozi Si Kipimo: Namna ya Kutambua Maandishi Bora Kuhusu Dhiki ya Wafanyakazi na Wahamiaji

Tangu mauaji ya raia yaliposhika kasi katika eneo la Beni, Kivu Kaskazini, mnamo Oktoba 2014, wengi wanaoshika kalamu Beni na Butembo wameandika juu ya anayekimbia: mkulima aliyeacha shamba lake kando ya barabara ya Eringeti, mama aliyeingia mjini na godoro kichwani, kijana aliyegeuka dereva wa pikipiki kwa kuwa shule yao imefungwa. Mashairi yapo, maigizo yapo, hadithi na nyimbo zipo. Kilichoadimika ni kipimo. Mwalimu anayesahihisha insha, mhariri anayechagua hadithi, jaji wa shindano la mashairi, wote hujikuta wakitoa alama kwa ukubwa wa msiba: waliokufa wengi, alama nyingi. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba maandishi ya aina hii yapimwe kwanza kwa jinsi yanavyoijua kazi yenyewe. Mwandishi asiyejua mikono ya mhusika wake inafanya nini tangu alfajiri, nani anamlipa na anadaiwa kiasi gani, hawezi kujua pia kinachomuuma. Atabaki na machozi, na machozi ya watu wote yanafanana.

Tuanze na kakao, zao lililoenea Beni baada ya ugonjwa wa mnyauko kuidhoofisha kahawa. Hadithi dhaifu itasema mkulima alikimbia, akaacha shamba, akalia. Hadithi nzuri inajua kwamba tunda likishavunwa hupasuliwa, punje zikiwa bado na utando mweupe wenye utelezi huvundikwa siku tano hadi saba huku zikigeuzwageuzwa, kisha huanikwa juani siku nyingine kadhaa. Mwandishi anayeyajua hayo ameshapata kisa bila kukitafuta. Aliyekimbilia mjini, anayerudi shambani asubuhi kwa kuvizia ili atoke kabla ya giza, hana hizo siku tano. Akivundika kulekule, wezi au wenye bunduki watamtangulia kuchukua. Akibeba kakao mbichi, ataiuza mbichi, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Hapo vita vimeingia ndani ya punje na ndani ya bei, na msomaji ameviona bila kuhubiriwa. Kwa hiyo, unapopewa maandishi kama haya uyapime, kagua vitenzi. Ikiwa mfanyakazi ndani yake anateseka, analia na kuvumilia tu, mwandishi amemtazama kwa mbali. Ikiwa anapasua, anageuza, anapima, anabishana bei na kuficha gunia, yupo aliyemsogelea.

Kipimo cha pili ni hesabu. Dhiki ya kazi haidondoki kutoka mbinguni; ina mshahara, ina deni, ina mtu anayepata kile ambacho mwingine anakikosa. Adam Shafi alilielewa hilo katika Kuli, riwaya ya mwaka 1979 kuhusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Uzito wa mzigo unahesabika, ujira unahesabika, na kwa sababu hiyo uamuzi wa kugoma unaeleweka kama hatua ya watu waliofikiri. Abdulrazak Gurnah alifanya jambo hilohilo kwa sauti ya chini zaidi katika Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, lakini hakuna anayesimama kutoa hotuba juu ya dhuluma. Yusuf anaijua hali yake kidogo kidogo, kupitia kwa Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla yake. Msomaji wa Butembo anaweza kuuhamishia ujuzi huo Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, ambako bidhaa za Dubai na China huingia zikielekea maghala ya mjini kwake. Hadithi ya mpakuzi wa Kasindi ambayo haijui mzigo ni wa nani na utauzwa kwa nani ni nusu hadithi. Wala tajiri wa Butembo asichorwe kama shetani kwa kurahisisha mambo: naye ana kodi, ana vizuizi vya barabarani, ana mkopo unaomsubiri. Mwandishi hodari huufuata mnyororo mzima, akionyesha kila mkono unapobana na unapobanwa.

Kipimo cha tatu ni akili ya mhusika, na hapa ndipo maandishi mengi yenye nia njema huanguka. Mfanyakazi anapewa jasho na moyo, lakini kufikiri anaachiwa msimulizi. Kongo ina mfano wa kale unaoonyesha njia nyingine. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji huo na ya ukoloni kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani mwa Wazungu, katika Kiswahili kilichozungumzwa hapo. Andiko hilo, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lilifikia wasomaji wa mbali pale mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipolichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Tahajia yake inayumba, na mwanahistoria atapata mengi ya kusahihisha. Lakini mwandishi haombi huruma. Anatoa hukumu. Aliyepika, aliyefua na kuandaa meza alimwona bwana wake kutoka mahali ambapo hakuna mgeni wa heshima aliyewahi kusimama, na anaandika kama shahidi anayejua thamani ya alichokiona. Hakimu wa maandishi aulize basi: je, mfanyakazi wa hadithi hii anaweza kuwa mjanja, mchekeshaji, mwongo hata? Saleh Omar, katika By the Sea ya Gurnah (2001), anafika Uingereza akijifanya hajui Kiingereza, na tunaujua undani wake kwa jinsi anavyolithamini kasha la udi ambalo ofisa wa uwanja wa ndege analichukua: ni jicho la mfanyabiashara, ukimbizi haujalipofua. Katika Congo Inc. ya In Koli Jean Bofane (2014), Zhang Xia, Mchina aliyekwama Kinshasa, anauza maji ya vifuko na kupanga biashara pamoja na Isookanga, kijana aliyetoroka kijiji chake cha msituni. Hao ni watu wenye mipango, na mpango ukivunjika tunaumia zaidi kuliko tungeumia kwa mtu ambaye tangu ukurasa wa kwanza alikuwa amekaa akingoja kuonewa huruma.

Kwa mhamiaji kuna jambo la kuongeza: maandishi yapimwe pia kwa jinsi yanavyomtendea mhamiaji ambaye si wetu. Familia kutoka nyanda za juu za Lubero, ambako ardhi imebanana, ziliteremka kwa miaka mingi kuelekea tambarare za Beni na hata Ituri. Mji wa Kanyabayonga ulipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, wengine wakashika barabara ya Lubero kwenda Butembo. Historia hiyo ni rahisi kuiandika kwa upendo, kwa kuwa ni ya ndugu zetu. Ugumu unaanza kwa yule ambaye mtaa unamshuku. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulikuwa na mpango rasmi wa kuhamisha familia kutoka Rwanda hadi Masisi, zikapate ardhi na mashamba ya walowezi yapate vibarua; ugomvi wa nani mwenyeji na nani mgeni bado unagharimu maisha hadi leo. Mwandishi anayemlilia mkimbizi wa kabila lake huku mgeni wa kabila jingine akiwa kivuli chenye panga hajaandika juu ya uhamiaji. Ameandika juu ya ukoo wake. Gurnah hakuukwepa ugumu huo: ofisa Kevin Edelman, anayemwambia Saleh Omar kwamba hana haki ya kuja, ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania. Mwandishi wa Butembo anaweza kuandika vivyo hivyo juu ya mwenye nyumba anayepandisha kodi ya chumba kwa waliokimbia mji wa Oicha, ilhali babu yake naye aliingia mjini akiwa na jembe tu.

Atakuwepo atakayesema kwamba vipimo hivi vinaifanya fasihi kuwa ripoti ya shirika, kwamba riwaya haina wajibu wa kujua bei ya kakao. Pingamizi hilo lina uzito, na ushahidi wake bora ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila (2014). Mji wake hauna jina kwenye ramani, masimulizi yanakwenda kwa mapigo ya muziki, na anayetafuta takwimu za uchimbaji humo atatoka mikono mitupu. Hata hivyo riwaya hiyo inafaulu kipimo kikamilifu. Kila anayeingia kwenye baa yake, mchimbaji, mwanafunzi, msichana anayeuza mwili au mgeni mwenye fedha, anaishi kwa kile kinachochimbwa ardhini, na mazungumzo yote yanakatizwa na biashara. Mujila ameigeuza hesabu kuwa mdundo. Kinachodaiwa na mwandishi ni ujuzi; namna ya kuutumia ni hiari yake. Mwenye ujuzi anaweza kuuficha na bado tukausikia, kama tunavyousikia utupu wa asiye nao hata akijaza ukurasa majina ya vijiji.

Pingamizi la pili linagusa moyo zaidi: ni haki gani kuupima ufundi wa mtu aliyezika ndugu zake? Jibu ni kutenganisha ushuhuda na fasihi. Ushuhuda wa aliyenusurika hauhitaji jaji. Unahitaji msikilizaji na mahali pa kuhifadhiwa. Lakini mtu akiomba asomwe kama mtunzi, kumhurumia badala ya kumsoma ni dharau. Tena maandishi mabovu yana madhara. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri, na mwezi Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko aliuawa akiwa kazini Butembo. Anayeigeuza miaka hiyo kuwa kisa cha mashujaa waliovaa mavazi meupe na wanakijiji wajinga anazidisha uongo uliokuwepo tayari. Hadithi yenye thamani ingembeba mzikaji mwenye posho yake ya siku, ambayo jirani anaihesabu, pamoja na familia isiyoelewa kwa nini fedha zimekuja kwa ugonjwa huu ilhali kwa panga za Beni hazikuja. Wote wawili wana sababu zao, na mwandishi anayezijua za upande mmoja tu hajamaliza kazi.

Kwa atakayekaa na rundo la maandishi mbele yake, makosa hayalingani uzito. Sarufi iliyoyumba, Kiswahili kilichochanganyika na Kinande na Kifaransa kama kinavyosemwa sokoni, mwisho uliokatika ghafla: hayo husameheka na mengi hurekebishwa na mhariri. Mpangilio mzuri wenye mhusika asiye na kazi, asiye na deni, asiye na wazo lake mwenyewe, haurekebishiki kwa kalamu nyekundu. Mwandishi arudishwe kwa mpakuzi, mvunaji na mpangaji wa chumba akajifunze upya. Kati ya hadithi mbili, moja ikiliza na nyingine ikikufanya uelewe kwa nini mvunaji ameuza kakao yake mbichi, mpe ushindi ya pili. Ya kwanza inamwomba msomaji ajisikie mwema. Ya pili inamfanya ajue anayemnyonya mvunaji ni nani, na inawezekana kabisa akajikuta yumo.